Jinsi ya kutunza na kuediti picha za 6K bila kupoteza hata klipu moja

Kabla hujawasha kamera shika kalamu upige hesabu, maana filamu nyingi za 6K, yaani video yenye upana wa pikseli kama elfu 6, zinakwama siku ya tatu ya shutingi pale diski zinapojaa na mtu anaanza kutafuta kadi ipi aifute. Natumia mfano wa Blackmagic Pocket 6K kwa sababu ndo kamera ambayo wengi wetu hapa Dar tunakodi au kuazimana, na programu ya kuediti ya DaVinci Resolve kwa sababu toleo lake la bure linatosha karibu kazi yote.

Hesabu iko hivi. Fremu moja ina pikseli 6144 kwa 3456, kila pikseli biti 12, hiyo ni kama megabaiti 32 kwa fremu moja tu. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde unafika karibu megabaiti 800 kila sekunde, ila BRAW, aina ya faili ambayo kamera hizi za Blackmagic zinarekodi, inaubana huo mzigo, ukichagua 8:1, yaani mzigo ugawanywe kwa 8, unabaki na kama megabaiti 100. Yaani dakika moja giga 6, saa moja giga 360. Sasa chukua filamu fupi ya siku 6, kila siku mnarekodi saa moja na nusu, siku moja inakula giga 540 na zote 6 zinapita tera 3. Na hiyo ni kopi moja! Unahitaji mbili kila siku na ya tatu mkishamaliza, kwa hiyo mwambie prodyuza mapema, kwenye bajeti diski zikae mstari mmoja na chakula na usafiri. Pesa ikigoma bora ushuke 12:1 ambayo ni giga 240 kwa saa kuliko kupunguza kopi, macho ya mtazamaji hayataona tofauti kubwa lakini klipu iliyopotea imepotea.

Diski mpya usiiamini hivi hivi. Kuna zile za bei ya kutupa zimeandikwa tera 2 nje, ndani ni giga 64, inapokea mafaili mpaka mwisho kama kawaida halafu ukija kufungua hakuna kitu. Ijaribu na H2testw kama uko Windows au F3 kama uko Mac, inajaza diski nzima kisha inasoma tena kila kitu, inachukua masaa mengi kwa hiyo iache ifanye kazi umelala.

Sasa kuhamisha kutoka kwenye kadi, na hapa nakuomba usome polepole. Kuna mwaka tulikuwa tunashuti Bagamoyo, siku ya nne, bibi mmoja wa pale mtaani akakubali kuigiza sini moja, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi huku anaongea na mwanae kwa simu. Alifanya mara moja tu, dairekta akasema imetosha, sote tulikuwa kimya. Usiku nikahamisha kadi kwa kuburuta tu folda, ikafika asilimia 100, nikalinganisha ukubwa wa folda ukawa sawa, nikafomati kadi kwa ajili ya kesho. Wiki mbili baadae nafungua ile klipu, inacheza sekunde 11 halafu picha inageuka kijani na mistari, sauti ya mbuzi inaendelea krr krr mpaka mwisho. Waya ulikuwa unalegea. Bibi tulimrudia lakini ile haikurudi.

Ukubwa kulingana hauthibitishi chochote, faili linaweza kuwa na uzito ule ule na ndani limeharibika. Unachotakiwa kutumia ni programu inayokagua kwa chekisamu, yaani inasoma faili la kwenye kadi inatoa namba, inasoma kopi inatoa namba, zikitofautiana hata herufi moja inakwambia. Ndani ya Resolve kuna Clone Tool kwenye ukurasa wa Media, bure kabisa, unachagua kadi kama chanzo na diski mbili kama mafikio, inaandika zote mbili kwa mpigo. Usitoe kopi ya pili kutoka kwenye ya kwanza maana ya kwanza ikiwa na ugonjwa umeshaurithisha. Ikimaliza fungua klipu kadhaa kwa macho yako, buruta mpaka mwisho wa klipu, ndo ubandike teepu nyekundu kwenye kadi kwamba inaruhusiwa kufomatiwa, na mwenye ruhusa ya kufomati awe mtu mmoja tu kwenye kruu nzima.

Muda nao uupange. Giga 540 kwa diski ya kawaida ya kuzunguka, kasi kama megabaiti 130, ni dakika 70 hivi, ongeza muda kama huo wa ukaguzi. Na angalia waya! Waya nyingi za USB-C za kuchajia simu ndani ni USB 2.0, unapata megabaiti 35 kwa sekunde na mzigo ule ule unakuwa zaidi ya saa 4, mtu analaumu diski kumbe waya. Diski iliyofomatiwa exFAT, ule mpangilio unaosomeka Windows na Mac, haipendi kabisa kukatikiwa umeme katikati ya kuandika, kwa hiyo iwe kwenye UPS au itumie moto wa laptopu yenye chaji ya kutosha.

Mafolda weka kwa siku, kisha kamera, kisha namba ya kadi, na kilichomo ndani ya kadi usikibadilishe jina. Kama mna kamera ya pili ya Sony kuwa makini, inaweza kuanza upya na C0001 kwenye kila kadi, ukimwaga zote folda moja zinagongana.

Kuediti 6K yenyewe kwenye laptopu ya kawaida ni mateso, tengeneza proksi, yaani kopi nyepesi za klipu za kueditia tu. Kwanza weka fremu 25 kwenye seting za projekti kabla hujaingiza klipu hata moja, maana ukishaingiza Resolve inaifunga hiyo namba. Kisha chagua klipu zote, bonyeza kulia, Generate Proxy Media. Aina ya faili inayoitwa ProRes Proxy, ya 1080, inakula giga 17 hivi kwa saa, kwa hiyo yale masaa yetu 9 yanaingia kwenye giga 153 tu, unayabeba kwenye SSD ndogo ukaeditie hata kwenye daladala, diski kubwa zinabaki kabatini. Kachi, yale mafaili ya muda ambayo Resolve inajitengenezea, nayo iweke kwenye SSD hiyo hiyo.

Kitu ambacho wengi hawakijui, projekti ya Resolve haikai kwenye folda la filamu yako, inakaa kwenye databesi ndani ya kompyuta. Laptopu ikiibiwa klipu unazo lakini kazi ya miezi miwili huna. Washa Live Save na Project Backups, na kila jioni ekspoti faili la .drp, ambalo ndo projekti yenyewe, ulitupie kwenye diski zote na kwenye imeili yako, ni dogo tu.

Sauti ikienda kwa mtu mwingine mpe AAF, faili linalobeba mpangilio wako wa sauti kwenda programu nyingine, mwambie fremu ngapi kwa sekunde, basi. Ukifika kwenye kurekebisha rangi ndo unarudi kwenye klipu halisi, kwenye menyu ya Playback chagua Prefer Camera Originals, na wakati wa kuekspoti hakikisha ile alama ya kutumia proksi imezimwa, nimeshaona filamu imepelekwa kwenye ukumbi ikiwa proksi na uso wa muigizaji umefuka kama moshi. Masta, yaani kopi ya mwisho ya filamu, itoe kwa aina za faili zenye ubora mkubwa, ProRes 422 HQ au DNxHR HQX, dakika 15 za 4K ni giga 80 na kitu, H.264, ambayo ni nyepesi, iwe ya kutumiana kwenye simu.

Mkimaliza, kopi ya tatu iende nyumba nyingine kabisa, mkoa mwingine ikiwezekana, yangu iko Morogoro kwa dada. Iwe diski ya kuzunguka, SSD isiyopata umeme muda mrefu inaweza kusahau ilichobeba. Huku kwetu pwani chumvi na unyevu vinakula vyuma, ifunge kwenye kopo la plastiki na vile vifuko vya kukausha unyevu, ubandike karatasi yenye jina la filamu na tarehe ya mwisho kuiwasha, na kila baada ya miezi 6 dada anaichomeka, ananipigia, tunafungua klipu mbili tatu, anaandika tarehe mpya.