Kutambua kikosi cha ndege ya vita kwenye picha ya babu

Wateja wa hapa Ngamiani huniletea picha za aina moja: babu wa Keya (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, King's African Rifles), kaptula ya kaki, kasimama ubavuni mwa ndege huko Burma. Swali ni lile lile, ndege ya kikosi gani? Fuata mpangilio huu.

1. Geuza picha. Soma mhuri wa studio na maandishi ya penseli nyuma. Ikiwa gundi imeshika kwenye albamu, usiibandue. Skani kwa nukta 1200 kwa inchi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haifai, maana ikishabanwa, herufi ndogo za mkiani huyeyuka.

2. Anza na duara, yaani alama ya taifa iliyopakwa kwenye ndege, herufi baadaye, kwa sababu duara ndilo linalokupa mwaka. Kwa ndege za Waingereza, pete pana ya njano ubavuni ni ya kabla ya katikati ya 1942. Baada ya hapo njano na nyeupe zikawa nyembamba. Upande wa Burma nyekundu iliondolewa kabisa ili duara lisifanane na jua la Wajapani, ikabaki buluu iliyokoza na buluu iliyopauka. Nyota ya Wamarekani ilipoteza doa jekundu Mei 1942, na vipande vyeupe vya pembeni vikaongezwa katikati ya 1943.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Filamu nyingi za zamani hazikuiona nyekundu: hutoka nyeusi, njano nayo hukoza, buluu hupauka. Pete ya njano utaidhania ukingo mweusi. Pima kwa milia ya mkiani, ambako nyekundu hukaa mbele na buluu nyuma. Mlia wa mbele ukiwa mweusi kuliko wa nyuma, filamu ni ya aina hiyo. Pasipo nyekundu, kama Burma, kipimo hiki hakifanyi kazi.

3. Sasa herufi kubwa za ubavuni, kwa ndege za Waingereza. Mbili za upande mmoja wa duara ni za kikosi, moja ya upande wa pili ni ya ndege yenyewe. AJ-G ya Mei 1943 ni skwadroni (kikosi cha ndege) ya 617, ndege ya kamanda wake Guy Gibson. Lakini QJ iliandikwa na skwadroni ya 92 na ya 616 pia, zote za ndege za kivita aina ya Spitfire. Bila mwaka, utabahatisha tu.

4. Tafuta namba ndogo karibu na mkia: herufi moja na tarakimu nne, au mbili na tatu, mfano ED932. Hii haibadiliki ndege ikihamishiwa kikosi kingine, kwa hiyo mimi naiamini kuliko zote. Herufi zake hazina I wala O. Ukiona O, jaribu kusoma D.

5. Linganisha na daftari za skwadroni, fungu la AIR 27, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London.

Na mwambie mteja mapema: kikosi cha ndege si kikosi cha babu. Keya waliokuwa bonde la Kabaw mwaka 1944 waliangushiwa chakula na risasi kutoka angani. Kikosi cha babu katafute kwenye alama za kofia na mabega yake.