Kabla hujavuta boti kutoka Dar hadi Mwanza

Safari hii inapita kilomita 1,100, na trela nyingi za boti za pwani hazijawahi kwenda mbali kuliko kutoka uani hadi ufukweni. Anza na beringi, tena wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu zinamokaa beringi, ikiingia majini ikiwa ya moto, hewa ya ndani hupoa, husinyaa, na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili ya nyuma. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, sikiliza. Hata ikiwa kimya, mimi hufungua. Grisi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na kuongeza nyingine juu yake ni kujidanganya. Osha beringi zote mbili kwa mafuta ya taa, ziache zikauke kabisa, kisha zikague. Yenye vishimo itupwe pamoja na bakuli lake, ile pete inayozungukia ndani ya habu. Shindilia grisi ya kuhimili maji kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Sili na pini ziwe mpya. Nati ya katikati isikazwe kama nati za tairi: ikaze huku unazungusha habu, kisha ilegeze kidogo tu, izunguke bila kucheza.

Niliwahi kuiruka kazi hii. Kabla ya Chalinze nikasikia harufu ya grisi inayoungua, tukalala barabarani kusubiri beringi kutoka Dar.

Tairi la trela huzeeka hata kama kashata (meno yake) bado zimesimama. Soma tarakimu nne ubavuni: 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita silipeleki safari ndefu. Beba spea, na hakikisha wili spana inaingia nati za trela, maana mara nyingi si saizi ya gari.

Gonga springi na yubolti zinazozibana kwenye ekseli kwa nyundo ndogo; kutu hujificha hapo. Jaribu taa zote. Funga tezi (nyuma ya boti) kwa mikanda pia, winchi ya omo (mbele) peke yake haitoshi. Mzigo ukielemea nyuma, trela hupiga mkia, na kwenye mteremko wa Sekenke hutaki kulijua hilo.

Ukifika Kibaha, simama uguse habu zote. Moja ikiwa ya moto hata haigusiki huku mwenzake ni vuguvugu, usiendelee. Dar bado iko karibu.