Somo: Ukibadilisha leseni ya urubani, kadi yako ya FAA nayo ibadilishwe

FAA ni mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na kadi yake ndiyo inayomruhusu rubani mwenye leseni ya nchi nyingine kurusha ndege za Marekani. Toa kadi yako pochini, ile ya plastiki yenye picha za Orville na Wilbur Wright, usome maandishi madogo kwenye sehemu ya mipaka ya matumizi. Yanasema kadi imetolewa kwa msingi wa leseni ya nchi fulani, yanataja namba ya leseni hiyo, kisha yanasema kadi ni halali pale tu inapoandamana nayo. Sasa weka leseni yako ya nyumbani pembeni. Linganisha nchi, halafu namba, herufi kwa herufi, hata vistari. Vikilingana, somo hili halikuhusu. Visipolingana, usirushe ndege kwa kadi hiyo.

Mimi nililijua hili nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya klabu moja ya ndege huko Texas. PPL yangu ya kwanza, yaani leseni ya rubani binafsi, niliipata uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kadi ya FAA ikatolewa kwa leseni hiyo ya Kenya. Baadaye nilirudi nyumbani nikachukua leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, ile ya Kenya nikaiacha ikaisha muda wake. Mkufunzi wa klabu akaweka mezani kadi ya FAA na leseni ya TCAA, akapitisha kidole kwenye neno KENYA, kisha kwenye neno TANZANIA, akanirudishia bila maneno mengi. Cessna 172 niliyoikodi ilikuwa nje, imeshajazwa mafuta. Likizo yangu ya wiki mbili iliishia kutazama wenzangu wakipaa, na mkufunzi yule alikuwa sahihi kabisa.

Kinachotuponza wengi ni kwamba kadi hii haichapishwi tarehe ya kuisha, kwa hiyo mtu anaiona nzima kabisa pochini. Uhai wake uko kwenye leseni iliyoizaa. Kifungu cha 61.75 cha kanuni za Marekani kinaruhusu leseni moja tu ya kigeni iwe msingi. Leseni hiyo ikiisha au ikifutwa, au ukapewa nyingine yenye namba tofauti, unaomba upya.

Hatua ya kwanza: fomu ya uthibitisho

Fomu inaitwa AC 8060-71, nayo inakwenda kitengo cha vyeti cha FAA kilichoko Oklahoma City. Wao wataiandikia mamlaka iliyokupa leseni, kwa upande wangu TCAA, waulize kama leseni ni ya kweli na iko hai. Andika namba mpya kama ilivyochapishwa kwenye leseni. Taja pia ofisi ya wilaya ya FAA utakayokwenda, maana barua ya majibu inaelekezwa huko.

Hapa ndipo muda unapopotea. FAA wenyewe wanasema utenge siku 45 hadi 90. Na mamlaka nyingine, Uingereza ikiwemo, hazitoi taarifa zako mpaka wewe mwenyewe ujaze fomu yao ya idhini na kulipa ada. Kwa hiyo siku uliyotuma fomu Oklahoma, piga simu pia kitengo cha leseni cha nyumbani, uwaambie barua inakuja na uulize kama kuna kitu wanachotaka kutoka kwako. Nilipoomba mara ya pili nilifanya hivyo na sijutii hata shilingi ya simu ile. Tiketi ya ndege usinunue bado.

Leseni na cheti cha afya viwe kwa Kiingereza. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda hilo halina shida. Wadau wa Bujumbura na Lubumbashi wenye karatasi za Kifaransa watahitaji tafsiri iliyotiwa saini na ofisa wa mamlaka iliyotoa leseni. Ya mkalimani wa mtaani haitoshi.

Hatua ya pili: anwani na wakala

Hili ni jipya, na ndilo linalowakwamisha watu siku hizi. Tangu Januari 2025, mwombaji mwenye anwani ya nje asiye na makazi Marekani lazima ataje wakala aliyeko Marekani wa kupokea nyaraka za FAA kwa niaba yake. Sisi tuliokuwa na kadi tayari tulipewa hadi Julai 2025. Si lazima awe wakili. Binamu yako wa Minneapolis anafaa, ili mradi ametimiza miaka 18, amekubali, na ana anwani ya mahali anapoishi kweli. Sanduku la posta halikubaliki kwa wakala. Wewe ukitumia S.L.P. kupokelea barua, bado utaandika pia unapoishi.

Hatua ya tatu: maombi na miadi

Barua ya uthibitisho ikitoka ina miezi 6 tu. Jaza maombi kwenye mfumo wa intaneti wa FAA unaoitwa IACRA, kisha omba miadi na ofisi ile uliyoitaja. Unaweza pia kumwona mtahini aliyeidhinishwa kwa leseni za kigeni, ila huyo hutoza ada yake. Ni lazima ufike mwenyewe. Beba pasipoti, leseni mpya, cheti cha afya, daftari la saa zako za kuruka, nakala ya barua na kadi ya zamani. Watakusikiliza Kiingereza chako pia. Mimi nilihojiwa kwa kuulizwa tu safari yangu ya mwisho ilikuwa ya wapi, nikawasimulia upepo wa ubavu wa uwanja wa Arusha.

Unatoka na cheti cha muda cha siku 120. Kabla hujaondoka mezani, soma namba ya leseni iliyoandikwa pale. Kosa la tarakimu moja litakurudisha ulikotoka.

Hatua ya nne: mkufunzi

Kadi mpya haikupi haki ya kuwa rubani mkuu kama daftari lako halionyeshi mapitio ya urubani ndani ya miezi 24 iliyopita. Ni angalau saa moja ya darasani na saa moja angani pamoja na mkufunzi. Ukitaka kubeba abiria, uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo kaka. Leseni yangu imehuishwa mwezi uliopita, tarehe mpya lakini namba ileile. Nianze upya?

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Nchi ni ileile na namba ni ileile, kadi yako iko hai. Tembea na leseni iliyohuishwa, usibebe ya zamani.

Swali: Nimepanda kutoka PPL kwenda CPL, leseni ya rubani wa biashara, na nimepewa namba mpya. FAA watanipa CPL?

Utaomba upya, lakini kwa njia hii kila mtu hupata cheti cha rubani binafsi, hata awe na saa elfu kumi. Huruhusiwi kubeba watu au mizigo kwa malipo. Ukitaka CPL ya FAA, fanya mitihani yao, wa maandishi na wa angani. Kwa anayepanga kazi Marekani, mimi namshauri afanye mitihani hiyo moja kwa moja, kwa sababu cheti hicho hakitegemei tena leseni ya nyumbani.

Swali: Mwalimu, hapa Arusha kuna ndege yenye usajili wa N, yaani wa Marekani, na mimi nina leseni ya TCAA tu. Naruhusiwa?

Kwa upande wa kanuni za Marekani, ukiwa ndani ya Tanzania leseni ya Tanzania inatosha kwa ndege ya N. Ukivuka Namanga kwenda kutua Wilson, umetoka nje ya nchi iliyokupa leseni, na hapo unahitaji kadi ya FAA iliyo hai. Wengi husahau hili kwa sababu safari yenyewe ni fupi.

Swali: Kaka, nimeolewa na jina limebadilika kwenye pasipoti na kwenye leseni, namba haijabadilika. Nifuate hatua zote?

Hongera dada. Hilo ni ombi la kubadilisha jina. Nenda na kadi uliyonayo na cheti cha ndoa. Hakikisha tu pasipoti na leseni zina jina moja siku hiyo.

Swali: Cheti changu cha muda kimebakiza siku 20 na kadi ya plastiki haijafika Mwanza.

Wasiliana na Oklahoma leo, usingoje ziishe. Anza kwa kuwauliza anwani waliyotuma. Ikiwa uliandika S.L.P. ya ofisi uliyokwishaacha kazi, irekebishe kwao kwanza, kwa sababu baada ya kuhama una siku 30 tu za kuwapa anwani mpya. Zikipita hujawapa, huruhusiwi kurusha mpaka uwaarifu.