Kondoo wa kula mabaki: someni kwanza, ndipo muulize

Nimechoka kujibu jambo moja, kulisha kondoo mabaki ya vyakula, kwa watu ishirini. Haya.

1. Mkadirie uzito. Wa kilo 25 hula kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku.

2. Nyasi kavu au mabua ya mahindi yasikosekane. Huo ndio wali. Mabaki ni kitoweo.

3. Pumba za mahindi: anza na konzi moja, ongeza taratibu kwa wiki mbili. Ukimjaza ghafla, tumbo huchacha.

4. Maganda ya muhogo. Hapa tulieni. Wakaanga krispi hunipa gunia zima bure, na mwaka wa kwanza niliyamwaga horini mabichi, bado yanateleza. Adhuhuri haijafika, majike wawili wanahema mbiombio, udende unawatiririka, ufizi mwekundu ajabu. Daktari wa mifugo alipovuka feri kuja Likoni, nilikuwa nachimba shimo. Muhogo mbichi una sianidi, na maganda ndiyo yenye nyingi, hasa ya muhogo mchungu. Katakata vipande vidogo, anika juani siku tatu, geuza asubuhi na jioni, mpaka yavunjike kwa vidole. Yakinyeshewa yakaota ukungu, tupa. Usiseme "nitampa mbuzi".

5. Majani ya sokoni: chambua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017, lakini kamba za nailoni bado nazikuta.

6. Maji safi, na chumvi ya kulamba.

MASWALI

— Mabichi kidogo kidogo si watazoea?
Namba 4. Rudi.

— Nina chakula cha kuku kimebaki, niwape?
Hapana. Huwekwa madini ya shaba, na ini la kondoo huyalimbikiza mpaka siku unamkuta anakojoa damu.

— Mbona jirani yangu anawapa?
Basi muulize jirani.

— Shikamoo. Hapa kwetu machicha ya nazi yanatupwa kila siku. Yanafaa?
Marahaba mwanangu, swali hilo! Yanafaa, ila siku hiyohiyo. Kwa joto letu hili kesho yameshachacha. Ukitaka akiba, anika jamvini mpaka yasishikane mkononi. Yana mafuta, lakini protini haba. Protini iko kwenye mashudu ya nazi, yale yanayobaki kopra (nazi iliyokaushwa) ikishakamuliwa. Changanya na pumba, nayo pia uanze na konzi.

— Na glirisidia ya uani, ule mti wa majani ya malisho?
Ikate jioni, inyauke hadi asubuhi. Mbichi huisusa kwa harufu.

— Zangu wamesusa hata iliyonyauka.
Nyunyizia pumba juu wiki moja. Watajisahau.

— Maembe yaliyooza kidogo?
Yenye ukungu, hapana. Mengine sawa, lakini kokwa toa zote. Moja ilimkaba kondoo dume wangu kooni, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alama za meno bado ninazo.