Sabuni ngumu ya kunyolea ndevu: namna ya kuchagua ya gharama nafuu ukiwa Mwanza

Sabuni ya bei rahisi si lazima iwe ya gharama nafuu. Bei unaiona dukani siku ile ile. Gharama unaiona baada ya wiki kadhaa, ukishajua sabuni imepungua kiasi gani na shingo yako iko katika hali gani. Mwongozo huu ni wa anayenyoa kwa brashi, maji na wembe, na anataka sabuni moja imfikishe mbali. Tunazungumzia ile ya duara inayokaa kwenye kikombe na ile ya kijiti inayopakwa moja kwa moja usoni. Krimu ya tyubu haimo, na povu la kopo tutaligusa kwenye hesabu tu.

Hatua ya 1: Anza na maji

Sabuni nyingi hutupwa kwa kosa la maji. Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe, ule unaoganda kwenye beseni. Kila gramu inayogeuka utando haitoi povu, kwa hiyo unaendelea kuchota tu.

Wa Mwanza mjini mna bahati. Maji ya bomba yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Sabuni ya kawaida kabisa hutoa povu zuri kwayo. Anayetumia kisima kirefu pembezoni mwa mji asijiaminishe, maana maji ya chini ya ardhi hubadilika hata kati ya visima viwili vya jirani. Jipimie hivi: chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze theluthi, tia vijipande vichache ulivyokwangua kwenye sabuni ya mche, funga, tikisa kwa sekunde kumi. Usitumie sabuni ya unga, hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu. Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki karibu maangavu, maji ni laini. Povu likiwa kidogo na maji yakawa kama yametiwa maziwa, ni magumu. Hapo nyolea maji ya mvua, au chemsha ya kisima, yaache yapoe na kutuama, kisha mimina ya juu. Kuchemsha hupunguza ugumu wa aina moja tu, kwa hiyo yasipobadilika sana usishangae.

Kwa walio visiwani na mialoni wanaochota ziwani moja kwa moja: yasinyolewe mabichi. Vijidudu vya kichocho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Yapashe moto mpaka nyuzi 50 na uyaweke kwenye joto hilo dakika tano, au rahisi zaidi, yachemshe kabisa. Yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili bila konokono nayo hayana hatari hiyo ya kichocho. Kutia shabu huyafanya yawe maangavu, hakuui kichocho.

Hatua ya 2: Soma boksi kabla ya kunusa

Hapa ndipo pesa inapookolewa, kwa hiyo usione haya kusimama. Ukiwa Makoroboi au kwenye duka la vifaa vya saluni, mwambie tu muuzaji, "Kaka, naomba nisome boksi kwanza." Ukinusa kwanza utanunua manukato.

Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Vitatu au vinne vya mwanzo ndiyo sabuni yenyewe, vinavyofuata ni manukato, rangi na mapambo. Unatafuta maneno mawili: Potassium na Stear-. Yaani uone kitu kama Potassium Stearate, Stearic Acid, Potassium Tallowate, Potassium Palmate au Potassium Hydroxide pale juu kabisa.

Sababu yake ni hii. Sabuni ya kuogea hupikwa kwa kostiki soda, ambayo ni ya sodiamu. Inatoka ngumu na haiharakishi kuyeyuka, sifa nzuri bafuni. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa potashi, ambayo ni ya potasiamu, pamoja na soda kidogo. Potashi inailainisha ili brashi ichote haraka, soda inaizuia isiwe uji. Asidi ya steariki, inayopatikana kwenye mafuta ya ng'ombe na ya mawese, ndiyo inayotoa povu zito lenye vitundu vidogo sana, lisilokauka kabla hujafika shavu la pili. Mafuta ya nazi, yanayoandikwa Cocoate, hutoa povu haraka lakini la mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Kidogo yanasaidia. Yakitangulia kwenye orodha, huweza kukausha ngozi.

Kwa hiyo ukikuta boksi limeandikwa "shaving" kwa herufi kubwa na ndani orodha inaanza Sodium Palmate, Sodium Palm Kernelate, bila potasiamu wala steariki mahali popote, hiyo ni sabuni ya kuogea iliyovalishwa nguo nyingine. Irudishe.

Anayejali asili ya mafuta, kwa dini au kwa sababu nyingine, aangalie hivi: Tallowate ni mafuta ya mnyama. Palmate ni mawese, Palm Kernelate ni kokwa la mchikichi, Cocoate ni nazi. Stearic Acid peke yake haikuambii, inaweza kutoka kwa mnyama au mmea. Arko ya Uturuki, kijiti cha gramu 75 ambacho wanyoaji wa bei nafuu duniani kote wanakijua, imejulikana kama ya kundi la mafuta ya mnyama, lakini soma boksi lako. Hutoa povu jingi na zito. Harufu yake ya ndimu ni kali, wengine hawaiwezi, lakini hufifia ukiacha kijiti wazi siku chache.

Vitu vingine vya kuangalia kwenye orodha:

- Glycerin: nzuri, huvuta unyevu. Ikiwa ndiyo ya kwanza na sabuni inapenyeza mwanga, ujue ni ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Hizo hutoka jasho wakati wa masika na povu lake mara nyingi ni jepesi.
- EDTA: hukamata madini ya maji magumu. Mwenye kisima aitafute, wa bomba la ziwani haimhusu.
- Menthol: hupoza. Kama shingo yako ina vipele, achana nayo, inakuficha usisikie kuwa umebana wembe mno.
- Parfum: ni manukato. Ikiwa karibu na mwisho wa orodha, sawa.

Na kama boksi linaahidi kung'arisha ngozi, weka chini uondoke. Sabuni za zebaki na za hidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na bado huonekana mitaani. Ukiona Mercuric Iodide au neno Mercury popote, hakuna mjadala. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na sabuni isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji haistahili uso wako hata ikiwa ya kupewa.

Hatua ya 3: Sasa ishike

Bonyeza kwa ukucha kwenye ukingo, kama mwenye duka ataruhusu. Sabuni ngumu njema huacha alama hafifu. Ikizama kama siagi ina maji mengi, na umelipia maji. Madoa ya njano au rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha maana yake imezeeka vibaya, mara nyingi kwa kukaa juani mbele ya duka. Nyufa nyembamba juu si tatizo, ni kukauka tu, na kukauka kunakufaa.

Uzito uwe umeandikwa kwa gramu. Boksi kubwa lenye kijiti chembamba cha gramu 50 huonekana zaidi ya lile dogo la gramu 75.

Hatua ya 4: Nunua moja, uijaribu nyumbani

Usinunue dazeni kwa sababu umepunguziwa. Chukua moja.

Brashi ya nywele za nguruwe iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tatu, ya plastiki laini haihitaji, ilowanishe tu. Uso nao uloweshe dakika mbili hadi tatu kwa maji ya uvuguvugu, maana ndevu kavu hukata wembe badala ya wembe kukata ndevu. Kung'uta brashi mara tatu kwa nguvu.

Kama ni kijiti, kisugue kwenye ndevu zilizolowa kinyume na zinavyoota, mara nne au tano kila upande, kidevu na shingo. Ubaki utando unaoonekana. Kama ni ya duara, zungusha brashi juu yake sekunde 30. Acha kuzungusha pale ncha za brashi zinaposhika uji mzito, si mapovu.

Kisha maji, kidogo kidogo. Jumla utahitaji vijiko viwili hadi vitatu vya chai, lakini usivimwage kwa mkupuo. Anza na nusu kijiko, zungusha brashi sekunde kumi na tano, ongeza nusu nyingine. Simama povu linapokuwa kama mtindi mzito unaong'aa: brashi ukiinyanyua linaacha kilele kinachoinama ncha.

Linganisha sabuni kwa mambo matatu, na urefu wa povu haumo.

La kwanza ni kudumu. Acha kijiko cha povu kwenye kisahani dakika kumi. Likibaki zima na lenye unyevu, vizuri. Likishuka na kuacha maji pembeni, lina nazi nyingi au maji mengi, rudia kwa maji pungufu kabla ya kuihukumu.

La pili ni utelezi, na hili ndilo kubwa. Ukishapitisha wembe mara moja, lowesha kidole na ukipitishe pale pale penye ngozi tupu. Kidole kikiteleza, sabuni imebakiza kinga ya kurudia sehemu iliyosahaulika. Kikikwama, kila utakaporudia bila kupaka tena utachubua. Kwa ndevu zetu za kujikunja, zinazorudi ndani ya ngozi na kuleta vipele, sabuni yenye utelezi na pitio moja kuelekea ndevu zinakoota hufaa kuliko sabuni ya manukato na mapitio matatu.

La tatu ni ngozi yenyewe saa moja baadaye. Kubana kidogo ni kawaida, sabuni zote za kweli ni za alkali. Kuwasha na magamba si kawaida. Shabu ya jiwe ukiitumia, pitisha baada ya kusuuza sabuni yote. Shabu ni ya tindikali na huua povu, na ukiichanganya na sabuni usoni utapata utando unaonata.

Hatua ya 5: Pima matumizi, usikisie

Pima sabuni ikiwa mpya na kavu, bila boksi. Mizani ya dukani haitasaidia kwa vipimo hivi, inayofaa ni ya sonara, na Mwanza masonara hawakosekani. Nyoa mara kumi, iache sabuni ikauke siku mbili kamili, pima tena. Usipoikausha utapima maji iliyoyanywa na kudhani haijaliwa.

Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu, weka zako. Kijiti cha gramu 75 kwa Sh 4,500 ni Sh 60 kwa gramu. Kikitoka gramu 75 mpaka 67 kwa kunyoa mara kumi, unatumia gramu 0.8, yaani Sh 48 kila unaponyoa. Kingine cha gramu 50 kwa Sh 3,500 kinaonekana cha bei ndogo, lakini gramu yake ni Sh 70, na kikiwa laini kinachoisha gramu 1.5 kila mara, ni Sh 105. Povu la kopo la mililita 200 kwa Sh 9,000, ukitumia mililita 6, ni Sh 270. Hiyo ndiyo tofauti ambayo bei ya rafuni haikuonyeshi.

Hatua ya 6: Itunze ikae

Sabuni hufa kwa unyevu kabla ya kuliwa na brashi. Isuuze povu lililobaki, iweke mahali penye hewa, isimame kwenye kisahani chenye matundu. Usifunge kifuniko kabla haijakauka, hasa masika na vuli.

Kijiti ukikichoka, au kikivunjika, kikwangue kwa kikwangulio cha karoti upande wa matundu makubwa. Gandamiza vipande kwenye kikombe kipana kwa dole gumba lililolowa, safu kwa safu, ukinyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji kwa gramu 75 zote. Acha wazi siku mbili. Kikwangulio kioshe kwa maji moto kabla ya kurudi jikoni.

Povu likigoma

Wembe unakwama na povu linapasuka vipande: maji pungufu. Ongeza matone, si sabuni. Mapovu makubwa yanayotiririka shingoni: maji mengi au sabuni kidogo, rudi kwenye sabuni sekunde kumi. Povu lilikuwa zuri wiki iliyopita na leo hakuna: brashi ina mabaki ya sabuni iliyokauka kwenye shina. Iloweke dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha siki, isuuze sana, ikaushe. Hakuna povu hata siku ya kwanza, na maji ni ya bomba: rudi kwenye boksi usome viambato upya.

Vipele vikizidi na sabuni imefaulu majaribio yote, badilisha wembe kabla ya kubadilisha sabuni. Kwa saluni, mteja mmoja brashi moja haiwezekani kila mahali, basi kijiti kisiguse uso wa mtu: kwangua kiasi kwenye kikombe safi, piga povu humo, paka kwa brashi iliyooshwa na kulowekwa kwenye dawa ya kuulia vijidudu, na wembe uwe mpya mbele ya macho ya mteja.