Siku tatu za mwanzo zishike kwa meno
Nilivuta sigara miaka 14, na nilishaacha mara tatu kabla ya hii iliyoshika. Nilikuwa naacha kwa hasira, usiku, bila kujiandaa. Safari hii nilichagua siku. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilivunja sigara zote zilizobaki nikazilowesha maji (ukizitupa kavu utazifuata), nikatoa viberiti ndani, nikafua hata koti, maana mfukoni mlikuwa na chenga za tumbaku.

Siku tatu za kwanza ndizo kali. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, hasira ziko karibu. Ni mwili unadai nikotini, kile kilevi cha tumbaku, kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema wakuvumilie. Arosto, ile hamu kali ya kuvuta, ikija, tazama saa: mara nyingi hukaa dakika chache tu, kisha hulegea. Mimi nilikunywa maji baridi kwa mafunda madogo huku nimeshika kalamu, kwa sababu vidole navyo vina mazoea yao. Ukizidiwa, muulize daktari au mfamasia kuhusu vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi. Si aibu hata kidogo.

Baada ya kula hamu hupenda kurudi, kwa hiyo nyanyuka mezani upige mswaki.

Sasa, ile sigara ya "moja tu". Ndiyo iliyoniangusha mara ya tatu, mwezi wa tano tangu niache, nikijiona nimeshapona. Rafiki akikunyooshea pakiti, sema "sivuti", usiseme "najaribu kuacha". Na ukiteleza, izime hapohapo, uendelee siku ileile, usingoje Jumatatu.