Ni mchanga au mwani uliokufa?

Wenye mabwawa ya kuogelea huku Nyali na Bamburi: ukiona vumbi lisiloeleweka sakafuni, usikimbilie klorini. Lipitishie brashi polepole. Likitimka kama moshi, aghalabu ni mwani uliokufa. Zima pampu usiku kucha litulie, asubuhi ulifyonze na kuyamwaga maji nje moja kwa moja (maji ya kununua ni ghali, najua, lakini filta ya mchanga hulipitisha likarudi). Likiwa chengachenga na kuzama upesi, ni mchanga. Utie siki kwenye kisahani: wa matumbawe, unaoletwa na miguu ya waogaji kutoka ufuoni, hutoa povu. Usipotoa, tena umerundikana karibu na tundu la maji yanayorudi, mwambie fundi afungue filta akague vijibomba vya chini. Kikipasuka kimoja tu, mchanga wa filta huingia bwawani.